Treni ya Mukuba na Reli ya Uhuru

Katika safari ndefu za nchi kavu ambazo watu wa Afrika Mashariki wamezizoea, inastahili kukumbukwa kwa taadhima safari ya treni ya Mukuba, ambayo ni treni ya haraka ya abiria katika reli ya TAZARA, iitwayo pia Reli ya Uhuru, itokayo Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, mwendo wa kilomita 1,860.

Asili ya reli hiyo ni dhiki. Mnamo Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, walipojitangazia uhuru wao wenyewe, Zambia, ambayo haina pwani na ambayo shaba yake ilikuwa ikipita kusini kuifikia bahari, ilijiona imeshikwa koo na jirani asiyeitakia kheri. Marais Julius Nyerere na Kenneth Kaunda waliziomba nchi za Magharibi msaada wa kujenga reli, wakajibiwa kuwa haitaleta faida. Ndipo China, iliyokuwa yenyewe ingali maskini, ilipoitikia kwa mkopo usio na riba; mapatano ya awali yakatiwa sahihi mjini Beijing mwaka 1967, kazi ikaanza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Baada ya kuyavuka mapori ya Selous na bonde la Kilombero, reli hupanda kutoka Mlimba kwenda Makambako katika nchi ya milima na makorongo, ambako mafundi walilazimika kutoboa majabali na kujenga madaraja marefu, hata ikafika karibu na Uyole, Mbeya, katika kimo cha mita 1,790 hivi juu ya usawa wa bahari. Zaidi ya Wachina 60 walifariki katika utumishi huo, na Watanzania na Wazambia nao walipoteza ndugu zao. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Ama kuhusu uendeshaji wa reli hiyo, njia ni moja tu, kwa hiyo treni mbili zikikabiliana hapana budi mojawapo isubiri stesheni hadi nyingine ipite, na dereva hathubutu kuondoka bila idhini. Mukuba husimama katika stesheni chache kuliko treni ya kawaida, nayo ina mabehewa ya kulala, ya kukaa na ya chakula. Hata hivyo safari nzima huchukua takriban siku mbili, na mpakani, baina ya Tunduma na Nakonde, maofisa wa uhamiaji hukagua hati za abiria. Upana wa reli ni milimita 1,067, sawa na reli za kusini mwa Afrika, ilhali Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1,000, na kwa sababu hiyo mizigo ya njia hizo mbili hupakuliwa na kupakiwa upya Kidatu.

Wapo wanaoipima reli hii kwa hesabu ya mapato peke yake, na ni kweli kwamba uhaba wa vichwa vya treni na uchakavu wa njia umeidhoofisha sana. Lakini mkulima wa Mlimba anayepeleka mchele wake sokoni, na mgonjwa wa kijijini ambaye masika humkatia barabara, faida yao haiandikwi katika daftari la mhasibu yeyote. Reli iliyojengwa ili taifa lisinyongwe na jirani yake yastahili kutunzwa kwa azma ileile iliyoijenga.