Kukomba kwa Kompyuta: Vijana wa Magogoni na Elimu ya Umbo Lililozama

Mlango mpya ukisimamishwa Magogoni siku hizi, au kwa majirani zetu wa Bakarani na Mlaleo, aghalabu nakshi yake haikutoka katika patasi ya fundi. Imetoka katika mashine ya CNC, yaani mashine inayoongozwa na namba: kompyuta huiamuru biti inayozunguka iende wapi, ishuke kiasi gani na kwa kasi gani, nayo hutii. Fani hii si changa. Mashine ya kwanza ya kukata kwa namba ilionyeshwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1952, ikikata chuma. Kuingia kwake katika karakana za mbao za pwani yetu ndilo jambo la juzi.

Sisi hatuna ugomvi na mashine. Kinachotusikitisha ni ua lililo juu ya mlango. Mara nyingi ni waridi lilelile lililonunuliwa au kunakiliwa kutoka intaneti, lililochorwa na mtu asiyewahi kuuona mlango wa Mswahili, na ambalo utalikuta vilevile katika mlango wa Nairobi au wa Istanbul. Karakana ina mashine, ina ubao, ina wateja. Haina mtu wa kuchora. Mzazi aliye na kijana mwenye kompyuta nyumbani, wa kiume au wa kike, na asubiri kidogo kabla ya kusema kwamba hakuna kazi. Mchoro huundwa mezani, huhifadhiwa katika flashi, na mwenye mashine huukata. Si lazima mchoraji awe na mashine yake, wala si lazima binti akeshe karakanani.

Lakini kuchora huku kuna mlango mwembamba ambao wanafunzi wengi hukwama: kuunda umbo lililozama. Kuinua umbo katika kompyuta ni rahisi. Unachora duara, unaliamuru liumuke, na kuba linatokea mbele ya macho. Kuzamisha kunataka akili igeuke. Inapasa ukitazame kile kisichokuwapo, ukipe kipimo, ukipe sakafu na kingo.

Akili hiyo si ngeni kwetu. Nyumba za mawe za Lamu zina zidaka, vile vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu ukutani, na uzuri wake wote ni wa uwazi: ukuta umeondolewa ili chombo kipate kukaa. Mihrabu ni mvungu ulioelekezwa kibla. Ule wa msikiti wa Kizimkazi, Unguja, wenye maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, umebeba tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107 Miladia. Na mwenye kuvuka Daraja la Nyali akaingia Mji wa Kale, akapita Ndia Kuu taratibu, ataona milango ambayo majani yake yanaonekana kana kwamba yameota juu ya mwimo. Asimame ayaangalie kwa ubavu. Hakuna jani lililobandikwa. Uso wa jani ndio uso wa ubao wa awali, na kilichofanyika ni kwamba fundi aliishusha ardhi iliyolizunguka.

Hapa ndipo kompyuta inapompotosha mwanafunzi. Katika skrini unaweza kuinua jani hata sentimita kumi, na programu haitakukatalia. Ubao hauongezeki. Ukiwa na unene wa milimita 40, basi kila kitu utakachokichonga kitapatikana ndani ya hizo 40, kwenda chini. Kwa hiyo mwanafunzi wa nakshi zetu na ajizoeze tangu siku ya kwanza kuuita uso wa ubao sifuri, na kuhesabu kila kitu kuanzia hapo kwenda chini. Programu kama Aspire humuuliza mtumiaji unene wa ubao, na humtaka aamue usawa huo wa sifuri utakaa wapi ndani yake. Asiyeacha nafasi chini ya sifuri hana pa kuzamisha chochote.

Programu hizi huuona ubao kama ramani ya vimo: kila nukta ya uso ina kimo kimoja tu. Mwanafunzi huunda vipande, kisha huiambia programu vipande hivyo vikutane vipi. Amri za kukutanisha ni chache, na siri yote ya umbo lililozama imo humo. Ipo amri ya kujumlisha, ambayo huongeza kimo cha kipande juu ya kilichopo. Ipo ya kutoa, ambayo hukipunguza. Ipo ya kuunganisha, ambayo hulinganisha vipande viwili na kubakisha kilicho juu zaidi. Na ipo kinyume chake, ambayo hubakisha kilicho chini zaidi.

Mazoezi mema ya kuzielewa amri hizo yako barazani. Ni bao. Wazee wetu watusamehe kwa kuugeuza mchezo wao kuwa kitabu cha darasa, lakini hakuna kitu cha pwani chenye mivungu mingi iliyopangwa kwa adabu kama hicho: safu nne za mashimo manane, jumla 32, na mawili kati yake, yale yaitwayo nyumba, aghalabu hufanywa ya mraba. Tuchukue shimo la kipenyo cha milimita 60 na kina cha milimita 20. Tuache milimita 10 kati ya shimo na shimo, na milimita 25 pembezoni. Mashimo manane kwa urefu yatataka 480, mianya saba 70, pembezo mbili 50, jumla 600. Kwa upana, safu nne zitataka 320. Ubao wenye unene wa milimita 40 utabakiwa na 20 chini ya kila shimo, na hiyo ni sakafu imara.

Shimo la bao si nusu ya tufe kamili, maana kina chake ni kidogo kuliko nusu ya kipenyo chake. Mwanafunzi akitaka kujua ni tufe la ukubwa gani limezama hapo, na azidishe 30 kwa 30, ajumlishe 20 mara 20, apate 1,300. Kisha agawanye kwa mara mbili ya kina, yaani 40. Jibu ni 32.5, nusu kipenyo ya tufe hilo kwa milimita. Hesabu ya darasa la nane, ambayo wengi walidhani haitawahi kuwafaa.

Sasa aunde kuba moja lenye kipimo hicho, alinakili mara 30, kisha achague amri ya kutoa. Kuba hugeuka shimo. Akichagua kuunganisha kwa vipande alivyokwisha kuvigeuza kuwa vya kuzama, atashangaa: ubao unabaki bapa, mashimo hayapo. Programu haikukosea. Imeulizwa kipi kiko juu zaidi, uso wa ubao au sakafu ya shimo, ikajibu ilivyoulizwa.

Hatari zaidi ni pale mivungu miwili inapopishana. Tuseme kuna ubao wa mlango wa milimita 18. Mwanafunzi anazamisha kidaka cha milimita 11, na ndani yake anaweka ua linalozama milimita 8, vyote kwa amri ya kutoa. Kutoa mara mbili ni 19. Ubao umetoboka, na biti imefika kwenye meza ya mashine. Angetumia amri ya kubakisha kilicho chini zaidi, asingevuka 11, lakini ua nalo lingemezwa lisionekane. Anachotaka ni kutoa mara mbili kwa vipimo vilivyopunguzwa: kidaka 9, ua 4, na milimita 5 za mbao zibaki nyuma. Asitegemee kuonywa. Na akague sehemu iliyo chini kabisa kabla ya kuupeleka mchoro karakanani.

Wako wanaotafuta njia ya mkato: hupiga picha ya mlango wa kale, huitia katika programu, na kuiamuru igeuze weupe kuwa mwinuko na weusi kuwa kina. Matokeo yake ni kichekesho. Kivuli cha msumari huwa shimo, doa la mafuta huwa bonde, na jani lililopigwa na jua la asubuhi huinuka upande mmoja kama limevimba. Picha huhifadhi mwanga, haihifadhi kina. Picha ya mlango ifae kuwa kiolezo cha kufuatiza mistari kwa mkono, jani baada ya jani. Kina kipimwe kwa rula mlangoni penyewe, baada ya kumwomba mwenye nyumba idhini.

Liko jambo ambalo hatuwezi kulipitia haraka, nalo ni maandishi. Wateja wengi wa jamii yetu hutaka Bismillahi au aya juu ya mlango, na programu nyingi za kuchonga hazikuundwa zikiifikiria hati ya Kiarabu. Ukiandika moja kwa moja ndani yake, herufi zinaweza kuachana kila moja ikasimama peke yake, au kuanza kushoto kwenda kulia. Iliyo salama ni kuandika katika programu inayoijua hati hiyo, mfano Inkscape ambayo haina malipo, kisha kuyageuza maandishi kuwa mistari kabla ya kuyahamisha.

Hapo bado. Herufi ikizamishwa, biti sharti iingie ndani yake. Nukta yenye upana wa milimita 2 haipitishi biti ya milimita 3, na mashine itairuka kimyakimya; be ikabaki bila nukta, nuni na te zisijulikane. Herufi ikiachwa juu na ardhi ikashushwa, tatizo hugeuka: biti isiyoweza kupita katikati ya nukta mbili huziacha zimeshikana kama moja. Programu haisomi Kiarabu na haitalalamika. Mchoro uonyeshwe kwenye skrini jinsi utakavyokuwa baada ya kukatwa, si kabla, uchapwe karatasini kwa ukubwa wake kamili, upelekwe kwa maalimu ausome, na ndipo ubao ufungwe mashineni. Maoni yetu ni kwamba aya isiwekwe kwenye chano cha chakula wala kwenye kizingiti cha chini, hata mteja akilipa.

Kuhusu muda, mteja na aelezwe ukweli. Nakshi laini hukatwa kwa biti yenye ncha ya duara, ikisogea kila safari sehemu ndogo ya kipenyo chake, yapata moja ya kumi. Paneli ya milimita 300 kwa 400, kwa biti ya milimita 6 inayosogea 0.6, inataka safari 500 za milimita 400, yaani mita 200. Mashine ikienda milimita 2,000 kwa dakika, hiyo ni saa moja na dakika 40. Kwa biti ya milimita 3, mara mbili yake. Vumbi lake, hasa la MDF, halifai kuvutwa. Barakoa na miwani vivaliwe, na watoto wasikae karibu.

Anayetaka kuanza hana haja ya fedha nyingi. FreeCAD hailipiwi, na watengenezaji wa Aspire hutoa toleo la majaribio linaloruhusu kujifunza, ingawa halikuruhusu kukata kazi yako mwenyewe. Nakala zilizovunjwa kufuli zinazouzwa kwa flashi mjini ni mali ya watu iliyochukuliwa bila ridhaa, na hatumshauri kijana aijenge riziki yake juu yake. Kwa atakaye masomo ya ufundi kwa jumla, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kipo Tudor. Wazee wanakijua kwa asili yake: ndicho kilichokuwa MIOME, Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyoanza kufundisha mwaka 1951 ili Waislamu wapate mikono ya ufundi.

Lakini mwalimu wa kina yuko karibu zaidi, katika karakana yoyote ambayo bado ina fundi wa patasi. Biti ni duara. Ya milimita 6 ikizunguka ndani ya nyumba ya bao huacha pembe zenye mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 3, na hakuna amri ya kompyuta itakayozifanya kali. Tena, kwa kuwa ramani ya vimo ina kimo kimoja kwa kila nukta, mashine haiwezi kuingia chini ya ukingo wa jani kama anavyofanya fundi anapolaza patasi na kukomba kwa ndani, hata kivuli cheusi kikalizunguka jani zima. Nyumba mbili za bao zina pembe nane. Kijana azipeleke kwa mzee zikiwa bado na mviringo wa mashine, amwombe amwonyeshe ya kwanza, na saba zilizobaki azimalize mwenyewe.