Kizazi Hakishuki kwa Kuruka Kamba

Swali limerudi tena, na safari hii limeletwa na mwalimu mwenzangu, jambo linaloniuma kuliko linapoletwa na mzazi. Anataka kujua msichana aliye kwenye siku zake aondolewe kipindi cha michezo kwa siku ngapi ili asiharibu kizazi. Wazazi huuliza kitu hichohicho kwa maneno mengine. Mmoja anaomba barua ya ruhusa ya kudumu. Mwingine amesikia kwamba kuruka kamba kunashusha kizazi, mwingine kwamba kukimbia kunaamsha chango. Kazi yangu ni kuwafundisha walimu wa afya na michezo, na swali hili nimelijibu kwenye semina, kwenye vikao vya wazazi na kwenye simu za usiku. Sasa nalijibu kwa maandishi, na ninamwomba kila mwalimu alisome jibu hili kabla ya kumshauri mzazi.

Siku za kumwondoa ni sifuri. Hedhi si ugonjwa. Hakuna zoezi linalofundishwa shule ya msingi wala sekondari ambalo huharibu kizazi cha msichana mwenye afya, awe kwenye siku zake au asiwe.

Kizazi kimeshikwa ndani ya nyonga na kano, na chini yake kuna misuli inayokibeba pamoja na kibofu na utumbo mpana. Mtu anaporuka, misuli hiyo hukaza. Ndiyo kazi yake. Kushuka kwa kizazi kupo na ni tatizo la kweli, lakini huwapata zaidi wanawake waliozaa mara nyingi, waliopata uchungu wa muda mrefu, waliovuka umri wa kuzaa, au waliobeba mizigo mizito miaka nenda miaka rudi. Kamba ya darasa la sita haimo katika orodha hiyo.

Mizigo mizito imo, na hapa ndipo uvumilivu wangu unapokwisha. Msichana aliyekalishwa chini ya mwembe saa nne asubuhi kwa kuhofia kizazi chake, saa kumi jioni anatwishwa ndoo ya lita 20. Maji hayo yana uzito wa kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Anapanda nayo njia ya mawe, anamimina kwenye pipa, anarudi kisimani mara ya pili na ya tatu. Kisha anainama kufagia uwanja, anatwanga, anambeba mdogo wake mgongoni. Siku zake haziulizwi. Sijawahi kupokea barua ya mzazi inayoomba binti asiteke maji kwa sababu ya hedhi. Kama kweli tungeamini kwamba jitihada za mwili huharibu kizazi, tungeanza na ndoo. Tunaanza na mpira kwa sababu tulichokizoea ni msichana anayefanya kazi, na wa kucheza hatujamzoea.

Wapo wanaosema hii ni mila. Basi wautazame unyago wa Pwani, Lindi na Mtwara. Mwali hufundishwa kukata kiuno mpaka jasho limtiririke, na wanaomfundisha ni bibi zake na somo wake, wanawake waliozaa na wanaojua thamani ya uzazi. Misuli ya tumbo na nyonga inayofanya kazi pale ndiyo ileile anayoitumia akiruka kamba. Na wanaosema ni dini wakumbuke kwamba hedhi humwondolea Mwislamu sala na funga, ambazo ni ibada. Haimwondolei kutembea, kukimbia wala kurusha mpira, na Bibi Aisha mwenyewe amepokewa akisimulia jinsi alivyoshindana mbio na Mtume.

Imani hii iliwahi kuwa na madaktari nyuma yake. Mwaka 1873 daktari wa Boston, Edward Clarke, aliandika kitabu kizima akidai kwamba msichana akisoma kwa bidii kama mvulana, nguvu zinazohitajika kujenga viungo vyake vya uzazi zitaishia kichwani. Kwenye Olimpiki ya Amsterdam ya 1928 wanawake walikimbia mita 800 kwa mara ya kwanza. Magazeti yakapiga kelele kwamba wamezimia na kwamba mbio ndefu si za wanawake, na mbio hizo zikafutwa hadi Roma 1960. Marathoni ya wanawake ilisubiri hadi Los Angeles 1984. Muda wote huo wanawake wa dunia waliendelea kusoma, kukimbia na kuzaa. Mwaka 1965, kwenye Michezo ya Afrika ya Brazzaville, Theresia Dismas wa Tanzania alirusha mkuki akarudi na medali ya fedha.

Kwa anayetaka ushahidi wa karibu, amwangalie Faith Kipyegon wa Kenya. Amekimbia tangu utotoni. Alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 mwaka 2016, akajifungua mwaka 2018, akashinda tena 2021, na kwa mara ya tatu 2024. Mkenya mwenzake, Vivian Cheruiyot, alijifungua 2013 na kutwaa dhahabu ya mita 5000 huko Rio 2016. Paula Radcliffe wa Uingereza alivunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Chicago mwaka 2002, saa 2, dakika 17 na sekunde 18, na amesema waziwazi kwamba alimaliza akiwa na maumivu ya hedhi.

Hayo maumivu ndiyo yanayowaingiza wengi mikononi mwa wauza dawa. Binti analia tumbo, mama anaambiwa ni chango, na kwamba limeamshwa na kukimbia shuleni. Ananunua unga wa kijani kwenye chupa ya plastiki kutoka kwa mtu mwenye kipaza sauti sokoni, au kwa namba aliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp, na anapewa masharti: binti asiruke, asioge maji ya baridi, asinywe soda, asiguse ndimu. Chupa haina jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo. Mama huyo ana mapenzi na mwanawe, na simlaumu. Ninamlaumu anayemuuzia.

Maumivu ya hedhi yana sababu inayojulikana. Kizazi hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo hukikaza ili kitoe utando wake wa ndani. Zikiwa nyingi, kinakaza sana na kuuma. Hakuna kitu kilicholala tumboni kinachoamshwa na mbio. Damu haigandi kwa sababu ya soda, na ndimu haifiki kwenye kizazi kama ndimu. Damu yenyewe, kwa siku zote za mzunguko mmoja, kwa kawaida ni mililita 30 hadi 40, yaani vijiko viwili au vitatu vya chakula. Kuhusu mazoezi, mwaka 2019 shirika la Cochrane lilichapisha uchambuzi wa tafiti zilizokuwapo: wanawake waliofanya mazoezi dakika 45 hadi 60, mara tatu au zaidi kwa wiki, walionekana kupata nafuu ya maana ya maumivu, mazoezi yawe mepesi au mazito. Kwa hiyo barua ya kumwondoa binti michezoni kwa sababu ya tumbo la hedhi inamnyima kitu ambacho kingeweza kumsaidia.

Ubaya mkubwa wa dawa ya chango ni muda unaopotea. Msichana anayeumwa kiasi cha kukosa shule kila mwezi huenda ana endometriosisi, yaani tishu inayofanana na utando wa kizazi imeota nje ya kizazi. Anayetokwa na damu zaidi ya siku saba, au analazimika kubadilisha pedi kila saa moja au mbili, huenda anapungukiwa na damu. Hao wanahitaji kupimwa. Wakipewa unga mwaka hadi mwaka huku wakikatazwa kuruka, hakuna anayetafuta ugonjwa wenyewe.

Hofu kwamba kuruka huondoa ubikira nitaimaliza upesi. Kizinda ni utando laini wenye maumbo mengi, na hakuna anayeweza kuutazama akasema binti amelala na mwanamume au hajalala. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji wa ubikira ukomeshwe kwa sababu hauna msingi wowote wa kisayansi. Mzazi anayemzuia mwanawe kuruka ili kulinda ushahidi huo hana ushahidi wowote wa kulinda.

Katika yote haya kuna jambo moja la mazoezi linaloweza kuvuruga hedhi kweli, nalo ni njaa. Msichana akifanya mazoezi makali asubuhi na jioni kujiandaa na mashindano ya michezo ya UMISSETA, huku anakula uji na ugali kidogo, mwili hubana matumizi na hedhi hukatika. Mifupa yake hudhoofika. Ikikatika miezi mitatu, apelekwe kituo cha afya na aongezewe chakula. Wanaonijia na swali la kizazi hawaulizi juu ya sahani yake.

Tatizo la swali hilo ni kwamba linamtazama msichana peke yake, kana kwamba sababu ya kukaa kwake chini ya mwembe imo tumboni mwake. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016, duniani kote wasichana 85 kati ya 100 wa umri wa miaka 11 hadi 17 hawakufikisha dakika 60 za mazoezi kwa siku. Wavulana walikuwa 78. Pengo hilo halielezeki kwa kizazi. Mtaala wa afya na michezo wa New Zealand wa 1999 ulichukua kutoka kwa Wamaori wazo la hauora, kwamba afya ni nyumba yenye kuta nne: mwili, akili na hisia, familia, na roho. Mwalimu wa huko alitakiwa afundishe mazoezi pamoja na jamii inayomruhusu au kumzuia mtoto kuyafanya. Ndivyo ninavyowafundisha walimu wetu pia.

Nimeona darasa la sita katika shule moja ya pwani likipewa kazi rahisi: chora uwanja wa shule, kisha kwa wiki nzima, kila mapumziko, andika nani yuko wapi na anafanya nini. Michoro ilipobandikwa ukutani, wavulana wa darasa la saba walikuwa wameujaza uwanja wote kwa mpira mmoja. Wasichana wakubwa walikuwa kwenye baraza. Mvulana mmoja akasema wasichana hawapendi michezo. Msichana wa nyuma akajibu, bila kusimama, kwamba mchezo wa rede waliucheza mpaka darasa la nne, mpaka walipofukuzwa pale. Mwingine akataja sketi. Mwingine akasema choo hakina komeo, hivyo ukiwa kwenye siku zako unakaa karibu na ukuta. Ilikuwa Februari, joto kali, na wasichana wawili walikuwa wamefunga masweta kiunoni. Mwalimu alikuwa ameyaona masweta yale siku nyingi na kuyahesabu kama utovu wa sare. Somo lile halikumtaja mtu hata mmoja kwamba yuko kwenye hedhi, na wavulana walikuwemo tangu mwanzo hadi mwisho.

Linganisheni na nilichokiona kwingine: mwalimu kasimama mbele ya wanafunzi wa jinsia zote, anasema walio kwenye siku zao wanyooshe mikono wakakae kivulini. Sijui msichana gani angeyasahau hayo.

Sasa ya kufanya. Usiulize sababu mbele ya watu. Toa kazi tatu kila kipindi, mfano kukimbia, kuruka kamba na kutembea haraka, na kila mwanafunzi achague bila kujieleza. Ruhusu suruali nyeusi ya michezo chini ya sketi, na hijabu ya kuvaa bila pini. Weka komeo ndani ya mlango wa choo, maji, na pipa lenye kifuniko, na anza na hilo komeo kwa sababu ni bei rahisi. Pedi za dharura zikae kwa mwalimu wa kike na kwa viranja wawili wasichana, bila daftari la majina. Pedi ni ghali: Tanzania iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2018 na kuirudisha mwaka uliofuata, na Kenya ina sheria ya 2017 inayoitaka serikali kuwapa wanafunzi bure, kwa hiyo kamati ya shule iziingize kwenye bajeti yake. Gawa uwanja kwa ratiba, na rede ipewe muda wake kama mpira wa miguu. Ukitaka kufundisha mapigo ya moyo, wapime baada ya rede. Alika bibi au somo anayeheshimika mtaani, zungumza naye kwanza, na mpe nafasi ya kueleza nguvu ambazo ngoma inadai. Maumivu yakimpata binti, mtie moyo atembee, apate chupa ya maji ya moto, na dawa ya maumivu baada ya kula kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Kipindi cha michezo kisigeuzwe kuwa cha hesabu wakati wa mitihani.

Na barua za kuomba ruhusa ya kudumu, msizipokee kutoka kwa mzazi. Ziandikwe kituo cha afya, zitaje ugonjwa na tarehe ya mwisho wa ruhusa. Msichana mwenye barua hiyo aje kipindini vilevile, ashike saa, ahesabu alama, aongoze mazoezi ya kunyoosha viungo.