Kweli au Uongo: Namba ya Nyabibuye Ikishafika Kwenye Seva

Kata ya Nyabibuye iko milimani, upande wa mpaka wa Burundi, katika wilaya ya Kakonko mkoani Kigoma, iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Mtoto akipelekwa zahanati na homa, kwenye milima hiyo kama kwingine kwingi Tanzania, jina lake huandikwa kwa kalamu katika kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Mama yake akiwa mjamzito anaingia kitabu namba 6, na siku ya kujifungua kitabu namba 12. Mwezi ukiisha mhudumu anajumlisha, fomu inajazwa, na jumla zake zinaingizwa kwenye DHIS2, mfumo unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameufanyia kazi kwa miaka mingi.

Kuanzia hapo namba imeshatoka mikononi mwa nesi. Imelala ndani ya hifadhidata ya PostgreSQL na inalindwa na watu wa TEHAMA, ambao nao, kama wavuvi na wachimba dhahabu, wana imani zao. Nyingine ni za kweli. Nyingine zimeua seva.

“Diski ikijaa, futa zile logi za zamani.”

Uongo, na ndio uongo ghali kuliko wote. Neno logi lina maana mbili. Kuna logi za kusomwa na binadamu, zile zinazoandika kwamba fulani ameingia saa tatu na dakika tano. Hizo ukifuta utakosa ushahidi tu. Na kuna logi za miamala, ambazo si masimulizi bali ndiyo kazi yenyewe. Kabla PostgreSQL haijamjibu mtu kwamba data yako imepokelewa, huandika badiliko hilo kwenye logi ya miamala na kuhakikisha limefika kwenye diski. Jedwali lenyewe linaweza kuandikwa baadaye. Kwa hiyo, kwa dakika kadhaa, mahali pekee kwenye diski palipo na namba yako ni humo kwenye logi.

Zamani folda ya logi hizo iliitwa pg_xlog. Fundi aliyebanwa na diski iliyojaa aliona “log”, akakumbuka kwamba logi ni takataka, akafuta. Seva ikakataa kuwaka. Yalitokea mara nyingi kiasi kwamba toleo la 10, lililotoka Oktoba 2017, lilibadili jina la folda likawa pg_wal. Sijui programu nyingine nyingi zilizobadilishwa jina la folda kwa sababu ya vidole vya watu.

Swali la maana ni kwa nini zimejaa. Kila faili la logi hizi kwa kawaida lina megabaiti 16, na seva huyatumia tena yale iliyomaliza nayo. Yakirundikana, kuna kitu kimeyashikilia. Mara nyingi ni ghala: umeiagiza seva, kupitia archive_command, inakili kila faili lililokamilika kwenda mashine nyingine, na mashine hiyo imejaa au mtandao umekatika. Seva haitupi faili ambalo halijafika ghalani. Inajaribu tena na tena, na huku folda inavimba mpaka diski inajaa na seva inasimama. Wakati mwingine mshikaji ni seva pacha, ile inayoiga seva kuu, iliyozimwa miezi mitatu iliyopita bila kufutiwa nafasi yake ya kupokelea, kwa hiyo seva kuu bado inaitunzia chakula. Dawa ni kuangalia pg_stat_archiver, ambako idadi ya majaribio yaliyoshindwa imeandikwa wazi, kutibu ghala, na kuiacha seva isafishe yenyewe.

Kuna ujanja mwingine ninaouogopa zaidi kwa sababu hauna kelele: kuandika amri ya ghala inayojibu “sawa” bila kunakili kitu. Diski inapumua, bosi anafurahi. Lakini mnyororo umeshakatika. Kurudisha hifadhidata hadi dakika fulani kunahitaji nakala kamili ya msingi pamoja na kila faili la logi lililofuata bila kuruka hata moja. Likikosekana moja, safari inaishia hapo, hata kama yaliyofuata yote yapo.

“Umeme ukikatika ghafla, data inaharibika.”

Uongo, kwa sehemu kubwa. Kibondo na Kasulu ziliwashwa na jenereta za dizeli za TANESCO kwa miaka mingi kabla gridi ya taifa haijafika, kwa hiyo hofu hii ina mizizi. Lakini logi za miamala zilibuniwa kwa ajili ya siku hiyo hasa. Umeme ukirudi, seva husoma logi kuanzia alama yake ya mwisho na kurudia kila kilichothibitishwa. Kinachovunja ahadi ni diski inayodanganya kwamba imeandika kumbe bado, au fundi aliyezima fsync, amri ya kuhakikisha data imefika kwenye diski, ili mambo yaende haraka.

“Tuna seva pacha, bakapu ya nini?”

Uongo. Pacha huiga kila kitu, pamoja na makosa. Ukifuta jedwali kwenye seva kuu, pacha naye atalifuta kwa utiifu huohuo. GitLab, kampuni inayotunza msimbo wa waandishi wa programu duniani, ilijifunza kwa njia nyingine kwamba pacha si bakapu, tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi aliyekuwa anahangaika usiku kurekebisha pacha alifuta folda ya data kwenye seva kuu badala ya ile nyingine. Kati ya takriban gigabaiti 300 zilibaki kama 4.5. Bakapu za kila siku zilikuwa zimekwama kimyakimya kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 na hifadhidata ni ya 9.6. Waliokolewa na picha ya diski iliyopigwa saa sita kabla. Kilichoingia ndani ya saa hizo sita kikapotea. Walieleza yote hadharani, na kwa hilo nawaheshimu.

“Gawa jedwali, kasi itakuja.”

Inategemea unauliza nini. Majedwali ya uchambuzi ya DHIS2 yamegawanywa kwa mwaka, kila mwaka na patisheni yake. Ukiuliza malaria ya Kakonko ya 2023, seva inafungua kihenge cha 2023 tu. Ukiuliza bila kutaja mwaka, inafungua vihenge vyote kimoja kimoja, na hapo huenda ukangoja zaidi ya ambavyo ungengoja jedwali likiwa moja. Kwa jedwali dogo, usijisumbue.

Faida ninayoiona kubwa ni siku ya kufuta. Ukitoa safu za mwaka mzima kwa DELETE, zinabaki palepale zikiwa maiti. VACUUM ikipita, nafasi yake inaweza kujazwa na safu mpya, lakini diski kwa kawaida hairudishiwi kitu. Kuirudisha kwa VACUUM FULL kunahitaji kulifunga jedwali na kuwa na nafasi ya nakala nzima pembeni, jambo ambalo aliyejaza diski hana. Ukiiangusha patisheni nzima, nafasi inarudi mara moja.



“Nimebadilisha mipangilio, basi imeshabadilika.”

Nusu kweli. Mingine hufuata ukiiambia seva isome upya. Mingine, kama shared_buffers, hungoja seva izimwe na kuwashwa. Na mtu akiwahi kutumia ALTER SYSTEM, thamani yake hukaa kwenye faili jingine linaloshinda postgresql.conf. Utahariri hadi asubuhi bila kitu kubadilika.

“Kila jedwali lazima liwe kwenye logi na kwenye bakapu.”

Uongo, na huu unashangaza wengi. Majedwali yale ya uchambuzi ni matokeo ya hesabu. Yanajengwa upya, mara nyingi kila usiku, kutoka jedwali mama la datavalue, na DHIS2 inaruhusu yaundwe bila kuandikwa kwenye logi kabisa. Seva ikianguka yanakuwa matupu, unayajenga tena. Ghala linapata nafuu kubwa.

“Data ikishaingia kwenye mfumo, vitabu havina kazi.”

Uongo. Kilichopanda kwenye DHIS2 kupitia fomu ya mwezi ni jumla: watoto wangapi, umri wa kundi gani, ugonjwa upi. Datavalue ikipotea bila bakapu, mwezi mzima unaweza kuhesabiwa upya kutoka kitabu namba 5. Kitabu kikipotea, jina la yule mtoto, kijiji alikotoka na dawa aliyopewa haviwezi kurudishwa na seva yoyote, kwa sababu havikuwahi kufika huko. Nacho kinakaa juu ya kabati la mbao, chini ya bati, na mvua za Kigoma huanza Oktoba.