Fao la Kukosa Ajira kwa Mfanyakazi Aliyelazimika Kuacha Kazi

Sheria za hifadhi ya jamii za Tanzania zilipofanyiwa mageuzi makubwa mwaka 2018, ambapo mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa mfuko wa PSSSF, na mfuko wa NSSF ukabaki na wafanyakazi wa sekta binafsi, lilianzishwa fao la kukosa ajira, yaani malipo ya muda ya kumsaidia mwanachama aliyepoteza kazi kujikimu wakati akitafuta nyingine. Fao hilo lilichukua nafasi ya utaratibu uliozoeleka kwa jina la fao la kujitoa, ambao ulimwezesha mfanyakazi kuchukua michango yake baada ya kuacha kazi bila kuhojiwa sana kwa nini aliondoka. Tangu hapo sababu ya kuondoka imekuwa na uzito mkubwa, na wengi huufahamu uzito huo wakiwa tayari wamekwisha kuandika barua ya kuacha kazi.

Mwanachama aliyechangia kwa miezi 18 au zaidi na ambaye hajafikisha umri wa miaka 55 hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi 6, hivyo aliyekuwa akipata shilingi 600,000 hupokea takriban shilingi 200,000 kila mwezi, ilhali aliyechangia kwa muda mfupi zaidi hupewa kwa mkupuo nusu ya michango yake mwenyewe. Sharti linalowaangusha wengi ni lile linalomtaka mwombaji asiwe ameacha kazi kwa hiari yake. Sharti hilo lina mantiki, kwa kuwa bima ya jamii hukusanya michango ya wengi ili kumkinga mtu na janga asilojitakia. Hata Mkataba Na. 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unaruhusu aliyeacha kazi kwa hiari anyimwe fao, lakini unaongeza kwamba awe ameiacha bila sababu ya haki.

Je, mfanyakazi anayenyanyaswa kingono na msimamizi wake, au anayekaa miezi bila mshahara hadi akaamua kuondoka, ameacha kazi kwa hiari? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inajibu kwamba sivyo. Sheria hiyo inahesabu kuwa usitishaji wa ajira hali ambapo mfanyakazi anaondoka kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike, na Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinaeleza kwamba hilo likithibitika, kisheria mwajiri ndiye anayehesabiwa kuwa amesitisha ajira, hata kama barua iliandikwa kwa mkono wa mfanyakazi. Kanuni hizo zinataja unyanyasaji wa kingono, au mwajiri kushindwa kumlinda mfanyakazi dhidi yake, na pia kutendewa isivyo haki, mradi mfanyakazi awe ametumia kwanza njia za malalamiko zilizopo kazini, isipokuwa kama alikuwa na sababu ya msingi ya kutozitumia.

Ugumu uko kwenye ushahidi, kwa sababu katika madai ya namna hii mfanyakazi ndiye anayepaswa kuonyesha kwanza kwamba alisukumwa. Malalamiko ya mdomo hayaachi kumbukumbu. Barua kwa mwajiri yenye muhuri wa kupokelewa, ujumbe wa simu, taarifa ya benki inayoonyesha mwezi ambao mshahara haukuingia, au shauri lililofikishwa kwenye tawi la chama cha wafanyakazi kama TUICO au CHODAWU, ndivyo vinavyosimama mbele ya mwamuzi. Barua ya kuacha kazi nayo iseme ukweli. Wafanyakazi wengi, kwa heshima au kwa hofu ya kunyimwa cheti cha utumishi, huandika kwamba wanaondoka kwa sababu binafsi, na kwa sentensi hiyo moja huwa wamejitolea ushahidi dhidi yao wenyewe.

Mgogoro huo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, maarufu kama CMA, ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma, na aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi 6 hawezi kudai kwamba usitishaji haukuwa wa haki. Uamuzi unaosema kwamba mwajiri ndiye aliyesitisha ajira humpa mfanyakazi haki ya fidia, na zaidi ya hayo humpa hoja nzito ya kupeleka kwenye Mfuko kwamba hakuondoka kwa hiari. Hata hivyo mashauri huchukua muda, na fao lililokusudiwa kumvusha mtu kipindi kigumu halina maana likija baada ya kipindi hicho kupita. Kwa hiyo ingekuwa haki masharti ya mifuko yataje waziwazi kulazimika kuacha kazi, badala ya kumwachia ofisa wa dirishani asome barua tu.

Jambo jingine la kuangaliwa mapema ni michango yenyewe. Mwajiri anayetesa wafanyakazi mara nyingi ndiye huyo huyo anayewakata mshahara bila kuwasilisha makato NSSF, hivyo mtu aliyefanya kazi miaka 3 anaweza kukutwa na michango ya miezi 10 tu. Taarifa ya michango inapaswa kuombwa mfanyakazi akiwa bado kazini, kwa kuwa Mfuko una mamlaka ya kumdai mwajiri malimbikizo pamoja na adhabu, na kadiri madai yanavyopelekwa mapema ndivyo kumbukumbu za mishahara zinavyopatikana kwa urahisi.