Alichoacha Sayyida Salme, na alichoondoka nacho

Methali yetu imeshahukumu: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa hukumu hiyo, Sayyida Salme binti Said alipaswa kuzeeka Unguja katika moja ya majumba ya baba yake, Sultani Sayyid Said, aolewe na jamaa wa ukoo, kisha azikwe kwenye makaburi ya kifalme. Badala yake alifia Jena, Ujerumani, Februari 1924, akiitwa Emily Ruete, Mkristo, mjane wa mfanyabiashara wa Hamburg.

Alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni. Mabinti wa Sultani walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Kalamu mkononi mwa mwanamke ilionekana fitina. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, kaka yake Barghash alipopanga kumpindua ndugu yao Majid, aliyekuwa Sultani, binti huyo mwenye umri wa miaka 15 ndiye aliyeandika barua za njama. Baadaye akapata mimba ya jirani yake Mjerumani, Heinrich Ruete. Agosti 1866 akapanda manowari ya Waingereza iitwayo Highflyer, akaenda Aden, na mwaka uliofuata akabatizwa na kuolewa huko.

Nani tena aseme kwamba mtu hawezi kuvuka malezi yake? Dini, nchi, jamaa, mavazi, lugha ya nyumbani: vyote aliviacha.

Lakini kisome kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Alikuwa ameishi Ulaya karibu miaka ishirini. Anapofika kwenye utumwa, anautetea. Anasema watumwa wa kwetu wasifananishwe na wale wa Amerika, kwamba wengi walitunzwa vizuri, kwamba Waingereza wamewaharibia mabwana mali zao bila kuwasaidia walioachiwa huru. Mwafrika, kwa maoni yake, ni mvivu, hafanyi kazi asiposukumwa.

Na mama yake mwenyewe alinunuliwa. Jilfidan alikuwa Mcherkesi. Majambazi waliwaua wazazi wake, wakamteka angali mtoto, naye akaingia nyumbani kwa Sayyid Said akiwa na umri wa miaka saba au minane. Salme anayasimulia haya kwa uchungu, ndani ya kitabu kile kile.

Jibu jepesi ni kwamba alikuwa mtu wa zama zake. Silipendi jibu hilo, kwa sababu linahesabu mabwana peke yao. Zama hizo hizo watumwa watoro walikuwa wakikimbilia makazi yao ya Fuladoyo, nyuma ya pwani ya Malindi, na hao hawakungoja kitabu cha Mzungu kiwaambie kwamba utumwa ni dhuluma. Hata Barghash, alipokuwa Sultani na kulifunga soko la watumwa la Mkunazini mwaka 1873, hakusukumwa na dhamiri bali na tishio la manowari.

Nionavyo mimi, Salme alivua kila kiatu kilichombana. Kukatazwa kalamu kulimbana, kukatazwa mume aliyempenda kulimbana zaidi. Utumwa haukumkataza kitu. Ulimpa mashamba, yaya, na mtu wa kumwoshea miguu. Kwa hiyo hakupata hata siku moja sababu ya kuuliza umetoka wapi. Macho alikuwa nayo: aliona vizuri jinsi Wazungu wanavyowachosha watoto kwa shule, na jinsi baadhi yao waliohubiri uhuru walivyonufaika na kazi ya watumwa pale pale Unguja. Mila za wenyeji wake wapya zilikuwa ngeni, akazikagua moja moja.

Ndiyo maana, mtu akiniambia maadili yake ni yake mwenyewe, huwa sivutiwi na orodha ya mambo aliyoyaasi. Kijana aliyegoma kuchaguliwa mchumba amepigania maslahi yake, na ni haki yake. Nataka kujua ni jambo gani lililomfaidi ambalo alilikataa.

Karibuni nilialikwa chakula cha mchana Dar es Salaam, kwa watu wakarimu, watoa sadaka, ambao hawaruki sala. Dada wa kazi, binti wa miaka 15 kutoka bara, alituletea maji ya kunawa, akapakua pilau, akarudi jikoni. Sahani yake na kikombe chake cha plastiki vilikuwa juu ya kabati, mbali na vyombo vingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, kwa hiyo kwa umri huo hapakuwa na kosa. Mtoto wa nyumba ile, rika lake, alikuwa tuisheni.

Nilimuuliza mwenyeji wangu kwa nini binti hali nasi. Alishangaa kwa dhati. "Mbona tunaishi naye kama mwanetu," akasema. "Yeye mwenyewe amezoea huko. Hata kwetu, enzi za marehemu mama, wasichana walikuwa wanakula jikoni."