Hawakula Pesa, Hawakulipwa

Swali ni lilelile, na limechosha. Linaulizwa Issuna, wilayani Ikungi, basi la Singida linaposimama kushusha abiria huku spika zake zikipiga "Harusi" ya Afro 70. Linaulizwa kwenye vipindi vya zilipendwa, na linaulizwa msibani kila anapozikwa mwanamuziki mkongwe: "Pesa zote zile walizipeleka wapi?" Muulizaji hangoji jibu, analo tayari. Pombe, wanawake, starehe.

Jibu hilo ni la uongo. Linawasingizia marehemu na linawapotosha watoto wao, ambao wanaona aibu kudai kilicho chao.

Tuanze na hizo "pesa zote zile". Waimbaji wengi wa dansi wa miaka ya 1960 hadi 1980 walikuwa waajiriwa. NUTA Jazz, iliyoundwa 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi, kisha ikahamia DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Jeshi, Polisi, Magereza na Umoja wa Vijana nao walikuwa na bendi zao. Magita, ngoma, spika na hata jina la bendi vilikuwa mali ya mwajiri. Kiingilio cha mlangoni kilikwenda kwa mwenye bendi, na mwimbaji alingoja mwisho wa mwezi kama karani. Akihama, alihama na koo lake tu.

Redio je? Bara ilikuwa na Radio Tanzania peke yake hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bendi ilirekodi katika studio yake, ikapewa malipo madogo ya mara moja, basi. Wimbo ukapigwa asubuhi na jioni, mwaka hadi mwaka, bila mrabaha. Tena mtangazaji alitaja bendi, mara nyingi mwimbaji hakutajwa. Ndiyo maana hadi leo mtu anaweza kuimba wimbo mzima kwa moyo asijue sauti ile ilikuwa ya nani. Kutojulikana kwao kulitokana na utaratibu huo, wala kipaji hakikupungua. Santuri zilifyatuliwa Nairobi, na hesabu ya mauzo ikabaki hukohuko. Zilipokuja kaseti, kila mwenye redio ya mikanda miwili akawa kiwanda.

Sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu 1966, lakini chombo cha kukusanya mirabaha, COSOTA, kilianza kazi 2001 baada ya Sheria Na. 7 ya 1999. Sasa hesabu mwenyewe. Mwimbaji Mbaraka Mwinshehe alifariki 1979, mwenzake Hemed Maneti 1990, Marijani Rajab 1995. Walikufa kabla ya dirisha la malipo kufunguliwa. Hicho walichokula kilitoka wapi?

Wapo waliokunywa, ndiyo. Wapo pia makarani, walimu na madereva waliokunywa, na wakastaafu na pensheni zao. Muhidin Maalim Gurumo aliimba kwa zaidi ya miaka 50. Mlevi wa kuanguka haimbi nusu karne. Alipostaafu 2013, gari alilopata lilikuwa zawadi ya Diamond Platnumz, kijana wa zama za simu na mikataba. Ikiwa Gurumo, jina kubwa namna ile, alifikia hapo, waitikiaji waliosimama nyuma yake walifikia wapi?

Kwa waimbaji wa soul mambo yalikuwa magumu zaidi. Novemba 1969, Mustafa Songambele, Mkuu wa Mkoa wa Pwani, alitangaza kuupiga marufuku muziki huo Dar es Salaam. Hata hivyo vijana wa bendi ya Sunburst, na mwimbaji wao James Mpungo, walichanganya soul, roki na Kiswahili. Albamu yao pekee, Ave Africa, ilirekodiwa Zambia 1976, na bendi ikavunjika. Dunia iliisikia upya 2016 kampuni ya London ilipoitoa tena. Miaka 40! Patrick Balisidya wa Afro 70, mzaliwa wa Mvumi mkoani Dodoma, alifika kwenye tamasha la sanaa la FESTAC mjini Lagos 1977, akafariki 2004. Harusi za nchi nzima bado zinacheza wimbo wake "Harusi".

Anayedhani huu ni ugonjwa wa Waswahili amtazame mwimbaji Ruth Brown wa Marekani. Nyimbo zake ziliijenga kampuni ya Atlantic Records, naye akaja kufanya kazi za ndani ili alee watoto. Alipigania mirabaha yake kwa miaka mingi, na 1988 kampuni ikakubali kuzikokotoa upya hesabu za wasanii wake wa zamani. Hakuna aliyemwuliza kuhusu pombe; waliulizwa wenye vitabu vya hesabu.

Kwa familia, haraka haraka. Tenganisheni mtunzi na mwimbaji, maana haki zao si moja. Hakimiliki ya mtunzi hudumu uhai wake na miaka 50 baada ya kifo. Haihitaji kusajiliwa ili iwepo, ila usajili COSOTA ni ushahidi. Fungueni mirathi Mahakama ya Mwanzo mpate barua ya usimamizi, kwa kuwa bila barua hiyo mtazungushwa tu. Kusanyeni santuri, kaseti, picha, mikataba, na majina ya wanabendi walio hai watakaothibitisha nani alitunga nini. Msitie saini karatasi inayouza haki zote milele, hata ikija na bahasha nene. Wimbo ukishapandishwa YouTube na mtu baki, lalamikeni kwa maandishi.

Na fanyeni sasa. Haki za tungo za Salum Abdallah, aliyefariki 1965, zilifika mwisho 2015. Za Mbaraka zinafika mwisho 2029.