Mume Mgeni, Sambal Mwenyeji

Kipande cha terasi kikichomwa jikoni, nyumba nzima hujua. Ni uduvi uliotiwa chumvi, ukachachuka, ukapondwa na kukaushwa hadi ukawa donge la rangi ya kahawia. Wapishi wengi wa Java wasipolitia donge hilo hawahesabu kwamba wametengeneza sambal. Husagwa pamoja na pilipili, vitunguu na nyanya juu ya cobek, sahani nzito ya jiwe. Kwa aliyezaliwa Surabaya au Cirebon, harufu hiyo ni habari njema. Mume aliyetoka Ujerumani au Australia huenda akakimbilia kufungua madirisha.

Sheria ya Ndoa ya Indonesia ya mwaka 1974 inazitaja waziwazi ndoa za wenyeji na wageni, lakini nani aamue kinachopikwa, hilo wanaachiwa wenyewe. Mara nyingi anayejinyima ni mwenyeji. Nyumbani hupika viazi na kupaka mkate siagi, kisha hujiiba kwenda warung, kibanda cha chakula cha mtaani, akale wali kwa petai, zile mbegu za kijani zenye harufu kali. Mtu kula chakula cha kwao kwa kujificha, tena katika nchi yake, ni dhuluma, hata kama anafanya hivyo kwa mapenzi. Mtu wa Java anaweza kula tambi na mkate akashiba, na bado akasema hajala, kwa sababu hajatia wali mdomoni. Aliyelelewa kwa ugali analielewa hilo bila kufafanuliwa.

Hata hivyo, mgeni hapelekwi moja kwa moja kwenye petai. Aanzishiwe rendang ya Waminangkabau wa Sumatra Magharibi: nyama inayopikwa kwa saa kadhaa katika tui zito la nazi, mchaichai, tangawizi na pilipili, hadi tui likauke na nyama ijikaange kwa mafuta yaliyobaki. Baadaye aende mkahawa wa Kipadang, ambako mhudumu huja amebeba visahani vilivyopandana mkononi, akavipanga vyote mezani, na mteja akalipia alivyogusa tu. Mtu mwoga hawezi kupata mahali pazuri zaidi pa kujifunzia. Yogyakarta kuna gudeg, fenesi bichi lililopikwa polepole kwa tui na sukari ya mnazi. Na tempe, soya iliyoshikanishwa na ukungu mweupe, inapatikana karibu kila mtaa.

Rawon ya Java Mashariki ije baada ya hapo. Mchuzi wake ni mweusi kwa sababu ya keluak, mbegu zenye sumu zikiwa mbichi, ambazo huchemshwa na kufukiwa kwenye majivu kwa wiki kadhaa ndipo ziliwe. Mume akielezwa ni akili na subira kiasi gani vimeingia katika bakuli lile, atalipokea kwa heshima.

Si lazima apende kila kitu. Jengkol, kwa mfano, mbegu nyingine yenye harufu kali, ikiliwa kwa wingi inaweza kuumiza figo, na wapo wenyeji wengi wasioigusa. Lakini asikunje pua mbele ya watoto. Sheria ya Uraia ya mwaka 2006 inawaruhusu watoto wa ndoa hizi kuwa na uraia wa nchi mbili hadi umri wa miaka 18, kisha wachague. Mezani mtu yeyote asiwachagulie. Wafundishwe kula vya pande zote mbili.

Na mgeni si lazima awe Mzungu. Mtu wa Unguja akioa huko atakutana na tui, doriani, shokishoki, mbirimbi na karafuu, ambayo asili yake ni visiwa vya Maluku. Huyo hana kisingizio.

Nanyi wageni mliooa Indonesia: nendeni sokoni asubuhi pamoja na wake zenu, mkae jikoni na mama mkwe, mjifunze kula kwa mkono wa kulia. Mkikaribishwa chakula, msiseme mmeshiba kabla hamjaonja.